Tusiwasahau Maji Yakishapungua

Leo sikuja kukutegea kitendawili wala kukusimulia hadithi ya sungura na fisi. Nimekuja kulipa deni.

Katika muhula wa kwanza Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo. Mada ilikuwa: "Waathiriwa wa mafuriko wasaidiwe kwa chakula na mavazi wala si kwa fedha." Mimi nilikuwa upande wa upinzani na, kama mnavyokumbuka, tulishindwa vibaya. Mpendekezaji wa pili (simtaji jina, anajijua) alisema kwamba mwanamume wa kijijini akipewa pesa taslimu atapitia kwenye busaa kabla ya kufika nyumbani kwake. Ukumbi mzima ulilipuka! Makofi ya kilo, viatu vikipigwa sakafuni, hata walimu wawili waliokuwa wameketi nyuma wakacheka. Nilipoinuka kujibu, nikababaika, na kabla sijafika pointi ya pili mtunza wakati akapiga kengele. Dakika nne si kitu.

Siku ile sikusema kwamba mimi mwenyewe nimewahi kupanga foleni ya unga. Niliona haya. Wengi wenu mnadhani nimezaliwa hapa Kisumu kwa sababu naishi na shangazi yangu na natembea kwenda nyumbani jioni kama nyinyi. La. Kwetu ni Bunyala, huko Budalang'i katika kaunti ya Busia, mahali ambapo mto Nzoia unaingia Ziwa Viktoria. Pengine wewe hupajua kupitia taarifa ya habari tu, ukionyeshwa paa za nyumba zikielea na mama mmoja amebeba godoro kichwani. Mama huyo pia ana jina, na ana kazi aliyokuwa akiifanya juzi.

Hebu nikueleze mto wenyewe. Nzoia unaanzia mbali sana, huko milima ya Cherangani na Mlima Elgon, unapitia Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega, ndipo unateremka kwetu kwenye tambarare. Kwa hiyo jua linaweza kuwa linawaka kwetu, nguo zimeanikwa kwenye ua, watoto wanacheza kati, na mafuriko yakaja. Mvua imewanyeshea wengine, maji yametufikia sisi. Kando ya mto kuna matuta marefu ya udongo, kilomita kumi na kadhaa kila upande, ambayo yalianza kujengwa katika miaka ya 1970. Sisi huyaita daiki. Daiki ikishikilia, watu wanalima mchele, mahindi na mihogo na kulala usingizi. Ikipasuka, basi. Ilipasuka 2003, ikapasuka 2008, ikapasuka tena 2011. Mwaka wa 2020, nikiwa na umri wa miaka kumi, mto ukavunja kingo tena, na mara hiyo hata ziwa lenyewe lilikuwa limefura kupita kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakitusimulia. Maji ya mto yakawa hayana pa kukimbilia. Yakabaki kwetu.

Ilikuwa mwezi wa Mei. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, kwa hiyo sote tulikuwa nyumbani. Nakumbuka nyanya ndiye aliyeamka kwanza, akasema mbuzi wanalia vibaya. Baba alipofungua mlango, maji yakaingia kama mgeni aliyealikwa. Tulitoka na mbuzi watatu, redio, gunia nusu la mtama na nyanya mgongoni mwa baba. Kitu kimoja hatukuweza kukibeba: cherehani ya baba, ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya chuma. Baba ni fundi wa nguo. Aliigeukia mara mbili, mama akamvuta mkono, tukaenda.

Tuliishi kambini, kwenye uwanja wa shule iliyo mahali pa juu, kwa majuma saba. Na hapa lazima niseme ukweli, maana asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hatakishukuru. Watu walitusaidia. Unga ulikuja, maharagwe yalikuja, sabuni, ndoo, vyandarua na dawa ya kutibu maji. Bila vitu hivyo wengine wetu wangekufa kwa kipindupindu au njaa, na mimi labda nisingekuwa hapa kuwasumbua kwa kalamu yangu. Nguo pia zilikuja, magunia kwa magunia. Kulikuwa na viatu vya visigino virefu vya mguu mmoja mmoja. Kulikuwa na koti la manyoya mazito, la nchi za baridi kali, ambalo nyanya alilivaa kila jioni akaonekana kama chifu wa zamani. Tulicheka. Hata kambini watu hucheka.

Lakini mablanketi! Kila lori lililokuja lilileta mablanketi. Kikundi hiki kinaleta, kikundi kile kinaleta, kwa maana hakuna aliyemuuliza mwenzake amepeleka nini. Familia yetu ya watu sita ilikuwa na mablanketi kumi na moja. Siku moja dada mmoja kijana alikuja na fomu, akawa anaandika majina na idadi ya watoto. Baba akamwambia kwa heshima, "Binti yangu, mablanketi yanatosha. Mimi ni fundi. Cherehani yangu iko ndani ya matope kule. Mkinisaidia niitengeneze, hamtaniona tena kwenye foleni hii." Yule dada hakuwa mtu mbaya. Alitazama fomu yake juu, akaitazama chini, akasema, "Pole mzee, hicho hakiko kwenye fomu." Akatuandikia blanketi lingine. Sasa kumi na mbili.

Nimelifikiria neno hilo kwa miaka: hakiko kwenye fomu. Na maoni yangu, mpenzi msomaji, yote yamo humo. Tunapowasaidia watu waliopatwa na maafa, tunawasaidia kama watu wenye matumbo na migongo peke yake: tumbo lipewe unga, mgongo upewe blanketi. Tunasahau kwamba wana mikono, na kwamba mikono ile ilikuwa na kazi.

Julai maji yalipungua. Tukaambiwa kambi inafungwa, shule inahitaji uwanja wake, rudini nyumbani. Malori yakaacha kuja, na waandishi wa habari pia wakaacha kuja, maana maji yaliyopungua hayapendezi kwenye picha. Basi hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na udongo wote ulikuwa umeyeyuka. Zilibaki nguzo na mabati juu, kama mwavuli uliosimamishwa. Ndani matope yalifika magotini pangu. Choo kilikuwa kimetitia. Mihogo shambani, ambayo ndiyo akiba ya maskini kwa kuwa huiachia ardhi ikutunzie, ilikuwa imeoza yote chini kwa chini, ukichimba unatoa kitu chenye harufu. Mahindi ya masika yalikuwa yamekwenda na maji. Na kambini, jamani, angalau tulikuwa tunakula mara mbili kwa siku! Nyumbani tukala mara moja.

Kumbuka kwamba mkulima ana kalenda. Kama hakupata mbegu Agosti au mapema Septemba, mvua za vuli zitampita, naye atangoja hadi Machi. Sisi tuliletewa mbegu, naam, na kikundi fulani chenye nia njema. Zilifika mwishoni mwa Oktoba. Tulizipanda kwa kuwa ni dhambi kuacha mbegu zilale, zikaota zikafika kiunoni, mvua ikakatika. Ng'ombe wa jirani walifurahi.

Wakati huo ndipo watu walipoanza kuuza mablanketi sokoni. Bwana mmoja aliyekuwa ametuletea misaada aliyaona, akakasirika sana, akasema watu wa huku hawana shukrani. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikimshikia mama debe la omena. Nilitaka kumwambia, lakini mtoto wa miaka kumi atamwambia nini mtu mzima mwenye gari? Leo namwambia: bwana, yule mama aliyeuza mablanketi mawili alitoka pale akaenda moja kwa moja kununua misumari. Hakuyadharau mablanketi yako. Aliyageuza kuwa ukuta. Ungempa pesa tangu mwanzo, angepata misumari mingi zaidi, kwa maana blanketi la msaada sokoni linauzwa bei ya kutupa.

Sasa nifike kwenye busaa. Mpendekezaji wa pili alipata makofi yake, nami simnyimi, alisema kwa ufasaha. Lakini je, alisema kweli? Si mbali na hapa, huko Rarieda katika kaunti ya Siaya, kuanzia mwaka wa 2011 shirika moja liitwalo GiveDirectly lilipeleka pesa kwa simu, kupitia M-Pesa, kwa familia zilizokuwa zikiishi katika nyumba za nyasi. Hawakuwekewa masharti yoyote. Watafiti wawili, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, walizifuatilia familia hizo na kuzilinganisha na nyingine ambazo hazikupewa. Unajua watu walifanya nini na pesa zile? Walinunua mabati. Walinunua mifugo. Walikula vizuri zaidi. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Mwaka wa 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za aina hiyo kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, nao wakaona vivyo hivyo. Hata serikali yetu yenyewe imekuwa ikiwatumia watu maskini wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera pesa kwa miaka mingi ili ukame usiwamalize. Kama pesa zingekuwa sumu, si Turkana ingekuwa imelewa yote?

Najua mtaniambia kwamba watu wa Rarieda hawakuwa wametoka kwenye mafuriko. Ni kweli. Tena nitawaongezea pointi ambayo upande wa pendekezo ulisahau kuisema, na kama wangeisema wangetushinda kwa haki. Wiki ya kwanza pesa haziliki. Tulipokuwa juu ya kile kilima, tumezungukwa na maji, soko limezama na maduka yamezama, ungempa baba noti ya elfu moja angeifanyia nini? Angewashia moto. Siku zile ni chakula, maji safi, dawa na mtumbwi. Pia kuna ulaji katika orodha, majina hewa ya watu waliokufa zamani yakipokea kuliko wazima. Na kuna nyumba ambamo pesa zikiingia mikononi mwa baba, mama hazioni. Nayajua hayo, nimeyaona kwa jirani. Lakini unga nao huibwa, tena magunia mazima, na sijasikia mtu akisema kwa hiyo tusigawe unga.

Ninachosema ni kwamba saa zibadilike. Chakula kije mapema na pesa zije maji yakipungua, siku ileile mtu anapoondoka kambini, na zije tena miezi mitatu baadaye anapotakiwa kupanda. Siku hizi tunavyofanya ni kama kumwokota mtu mtoni, kumpangusa vizuri, halafu kumwacha ukingoni bila nguo.

Labda mnataka kujua cherehani iliishia wapi. Haikuokolewa na lori lolote. Mama alikuwa katika chama cha akina mama kumi na wawili, wale wanaochanga kila juma na kumpa mmoja. Mafuriko yaliwapata wote, lakini saba kati yao walikubaliana waanze upya na shilingi hamsini hamsini. Wakaketi chini ya mti, wakaulizana nani akipewa kwanza atarudisha haraka. Hawakuulizana nani ana shida zaidi, maana wote walikuwa nayo. Mmoja akasema, "Mpeni mama Fundi, shule zitafunguliwa." Hebu tazameni akili hiyo! Mtu asiyewahi kukaa kwenye mkutano wa wataalamu alijua kwamba shule zikifunguliwa baada ya korona, kila mtoto atakuwa amekua na sare haimtoshi. Wakampa mama zamu yake na ya mwenzake mmoja aliyejitolea kungoja. Ukijumlisha na mablanketi matatu tuliyouza (ndiyo, na sisi tuliuza), baba akanunua mkanda mpya, sindano na mafuta, akakaa siku nne akisugua kutu kwa msasa na mafuta ya taa.

Oktoba ile darasa la nne, la nane na kidato cha nne wakarudi shuleni. Januari 2021 wakarudi wote. Baba alishona usiku na mchana, akishikiwa kurunzi na mimi. Pesa za Januari peke yake zilinunua miti ya nguzo, na zilizobaki zikalipa deni la chama. Nyumba yetu tuliikandika wenyewe na majirani, na mara hii baba alikataa kuijenga chini kama ile ya zamani. Tulibeba udongo kwa karai kwa muda wa mwezi mzima hadi sakafu ikainuka kufika kiunoni, ndipo tukasimamisha nguzo, tukazipaka oili chafu ya magari upande unaoingia ardhini. Ghala likawekwa juu ya miti. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, maji yalifika kwenye ukuta wa ule udongo yakasimama. Nyumba nyingi za jirani hazikuwa na bahati hiyo, na si kwa kuwa wenyewe ni wavivu. Ni kwa kuwa walijenga upesi, kwa vitu vilevile hafifu, maana hawakuwa na kitu mkononi.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Jiografia kama kuna nchi iliyowahi kuwapa wenyewe pesa wajenge. Akanipa habari za jimbo la Gujarat huko India. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa la ardhi liliangusha nyumba nyingi mno na kuua watu wapatao 20,000. Baada ya hapo serikali ya jimbo iliwapa watu wengi fedha kwa mafungu ili kila mtu ajenge nyumba yake. Unapewa fungu la kwanza unajenga msingi, mhandisi anakuja kuutazama kama utastahimili tetemeko, ndipo unapewa fungu la pili. Mimi nilipenda hapo pa mhandisi. Mwenye nyumba anajua mlango utazame wapi, jiko liwe wapi na nyanya atalala chumba gani. Mhandisi anajua nondo. Kila mmoja afanye lake. Nyumba uliyojengewa na mgeni bila kuulizwa unaweza kuihama kesho, lakini ile uliyobebea udongo kwa karai utaitunza.

Mwalimu huyohuyo aliniuliza swali ambalo wengi wenu huniuliza kwa kejeli: kwa nini watu wa Bunyala wasihame tu? Swali ni zuri, na kila mafuriko yakija viongozi hulirudia kwenye redio. Nami nauliza, wahamie wapi? Ardhi ya huko juu ina wenyewe. Mto unaotufukuza ndio unaotuletea udongo wenye rutuba, na ziwa ndilo linalotupa omena na mbuta. Babu yangu amezikwa pale. Mtu anaweza kuhama, sikatai, lakini si kwa kuambiwa "hameni" halafu kipaza sauti kizimwe. Mwaka wa 2024, mvua zilipoua karibu watu 300 nchini kati ya Machi na Mei, waliokuwa wakiishi kando ya mito jijini Nairobi waliamriwa kuondoka, na serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Mpenzi msomaji, wewe uliye na mzazi anayelipa kodi ya nyumba, piga hesabu: kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwenye nyumba, mkokoteni wa kubeba vitu. Ukimaliza, niambie ni kiasi gani kimebaki cha kuanzia kazi mpya mahali ambapo hakuna mteja anayekujua.

Sasa nirudi kwetu shuleni, maana ni rahisi kuinyoshea serikali kidole. Mtakumbuka kwamba mwaka huohuo wa 2024 ufunguzi wa muhula wa pili uliahirishwa hadi tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Tulipofungua, tulikuwa bado tunasikitika kwa ajili ya watu wa Mai Mahiu, ambako usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yalishuka kwa ghafla yakabeba watu wakiwa wamelala. Tuliombwa kila mmoja alete nguo moja. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Nilisimama mlangoni mwa stoo nikisaidia kuzipanga, nikaona soksi zisizo na visigino, nikaona sketi iliyopasuka, nikaona fulana za kampeni. Nikakumbuka koti la nyanya. Wengi mlileta nguo nzuri, najua, na waliolia kwa ajili ya Mai Mahiu walilia kweli. Lakini baadhi yetu tulisafisha makabati yetu tukaita msaada.

Mweka hazina ametangaza kwamba sanduku la Chama lina shilingi 14,200, tulizozipata kwenye tamasha la mashairi na kwa kuuza jarida la mwaka jana. Mlezi wetu amesema pesa hizo zitakaa tayari kwa maafa yatakayotokea karibu nasi, iwe Nyando, iwe Budalang'i, na kamati ndiyo itakayoamua zitumike namna gani. Nimesikia wengine wakisema tununue mablanketi. Tafadhali!

Maombi yangu kwa kamati ni haya. Nusu ya pesa zitoke upesi, ziende kwa chakula na dawa ya maji. Nusu nyingine isiguswe hadi mwezi wa tatu, hata kama watu watatulaumu kwamba tumekalia pesa za waathiriwa. Tutalaumiwa, jueni hivyo mapema. Halafu nusu hiyo isigawiwe kwa watu sabini, kwa maana kila mmoja atapata shilingi mia na ushei, sabuni ya wiki moja, na sisi tutapiga picha nzuri. Iende kwa familia mbili au tatu, itengeneze kitu kilichokuwa kikiwalisha: wavu, cherehani, baiskeli ya kubebea samaki, mbegu katika mwezi wake. Na nani atachagua familia hizo? Si sisi. Hapa ndipo hata rafiki yangu tuliyekuwa naye upande mmoja wa mdahalo hakubaliani nami, anasema watapendeleana. Huenda. Lakini wale akina mama chini ya mti walijua mambo ambayo mimi na wewe hatungeyajua hata tukipewa mwaka mzima wa kuuliza. Tuwape chama kama hicho pesa, tuwaombe watuandikie zimefanya nini.

Na kama ni lazima tuwe na fomu, basi juu kabisa, kabla ya idadi ya watoto na namba ya kitambulisho, tuandike: "Ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Kikao cha kamati ni Alhamisi ya kwanza ya muhula ujao, saa kumi alasiri, katika chumba cha maabara ya zamani. Nimemwomba mwenyekiti anipe dakika kumi badala ya nne. Baba atakuwa amekuja Kisumu kununua vitambaa siku hiyo, naye amekubali kupitia shuleni ili awaeleze bei ya mkanda wa cherehani.